CRM ya ndani ya inboksi: kwanza niambie hizo imeili ni za nani

Wengi mnanitumia "CRM gani ni poa", yaani programu ya kufuatilia wateja na mauzo, na mnaishia hapo. Hamsemi mko wangapi, mko Gmail ama Outlook, wala mnauza nini. Hayo siyajibu tena. Nimechukua yaliyoulizwa vizuri.

Tuko wauzaji sita, tunauza pampu za maji hapa Industrial Area, Nairobi, wote tunatumia Gmail. Tuchukue Streak ama HubSpot?

Streak inakaa ndani ya Gmail yenyewe, ukifungua inboksi dili zako ziko hapo hapo, huhitaji kufungua kitu kingine. HubSpot ni mfumo kamili wenye tovuti yake, halafu inakuwekea kidirisha pembeni ya imeili. Kama kazi yenu ni mteja kuuliza, mnatuma kwotesheni, mnangoja LPO (ile oda rasmi ya kununua), basi Streak inatosha, na muiangalie Copper pia, hiyo ilitengenezwa kwa wanaotumia Google. Mkitaka baadaye fomu za tovuti na matangazo, anzeni na HubSpot ya bure, lakini someni bei ya ngazi inayofuata leo, msingoje mpaka wateja wote wawe ndani ndio mshtuke.

Sasa kuna jambo hukuuliza. Hizo Gmail ni za kampuni ama kila mtu amekuja na yake? Kama ni zile za jina la mtu halafu gmail.com, acha kabisa hii habari ya CRM kwanza, nunueni domeini yenu (lile jina la kampuni linalokaa baada ya @) na muwafungulie wote akaunti chini ya kampuni. Nimeona hii mara nyingi: muuzaji anaacha kazi Ijumaa, Jumatatu afisa manunuzi wa hoteli anajibu ile kwotesheni ya wiki mbili zilizopita, "tumekubali, LPO hii hapa", na jibu linaingia kwa simu ya mtu ambaye sa hii ameketi kwa mshindani wako. Hakuna CRM itakurudishia hiyo. Akaunti ikiwa ya kampuni unabadilisha paswadi, unampa mtu mwingine, na mteja hata hajui kuna aliyeondoka.

Inafanya kazi kwa simu?

Zile zinazokaa ndani ya Gmail kama Streak ni ekstensheni ya Chrome, programu ndogo unayoongeza kwa brauza ya kompyuta, na hiyo haiingii ndani ya app ya Gmail. Uliza kama hiyo CRM ina app yake, halafu mpe muuzaji anayeshinda Mombasa Road aijaribu kabla hujalipa.

Sisi ni Outlook, Streak itaingia?

Haitaingia, Streak ni ya Gmail. Angalia HubSpot, Pipedrive ama Zoho, na kama kampuni iko kwa Microsoft kila mahali, Dynamics 365, ambayo ni yao wenyewe.

Bosi wetu anataka kuona kila mteja amefungua imeili saa ngapi. Ipi inafanya hivyo vizuri?

Hakuna inayofanya vizuri, na mwambie bosi hivyo. Wanachofanya ni kuficha kapicha kadogo ndani ya imeili, kikipakuliwa wanahesabu umesoma. Tangu 2021 app ya Mail ya Apple inaweza kupakua picha hizo yenyewe hata kama mtu hajagusa imeili, na kuna ofisi zinazozuia picha kabisa, kwa hivyo utaambiwa amesoma na hajasoma, ama hajasoma na ameshapeleka kwotesheni yako kwa mkurugenzi. Halafu kuna wauzaji wanampigia mteja "nimeona umefungua imeili yangu saa tatu", jamani, huyo mtu anahisi anachunguzwa na hatakwambia lakini hatanunua. Angalieni majibu na LPO.

Nimenunua orodha ya imeili 8,000, nataka CRM ya kuwatumia ofa wote kwa siku moja.

Usitume. Hili nimelijibu mpaka nimechoka na bado linakuja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla hujatumia data yake kibiashara, na hao 8,000 hawakujui. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 ama asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Na hata ukiweka sheria kando, Gmail ya kawaida inakuruhusu imeili 500 kwa siku, ya kampuni 2,000. Tangu Februari 2024 Google inataka anayetuma zaidi ya 5,000 kwa siku kwa watu wa Gmail awe na SPF, DKIM na DMARC (mipangilio ya domeini inayothibitisha imeili imetoka kwako kweli), na njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja. Wakikuripoti wengi, domeini yako inachafuka, na kuanzia hapo hata kwotesheni ya mteja wako wa miaka mingi inaangukia spam. Huyo ndiye utampoteza.

Tulipe kwa mwezi ama kwa mwaka? Ya mwaka ni bei ya chini.

Kwa mwezi kwanza, na watu wawili tu. Bei ni dola kwa kila mtu, na mnakumbuka mwanzo wa 2024 dola ilivyofika shilingi 160, waliokuwa na laisensi ishirini walilia. Wale wawili wakiizoea, ongeza wengine. Wekeni hatua nne tu: ameuliza, kwotesheni imeenda, LPO imekuja, amelipa. Ukimjazia muuzaji visanduku kumi na tano kwa kila mteja ataandika uongo ama hataandika. Na kabla ya kufikiria mwaka mzima, jaribu kutoa data yako yote iwe faili la Excel, na uangalie kama maelezo na historia ya imeili vimetoka pamoja na majina. Kama ni majina na namba peke yake, usilipe ya mwaka.