Joto la Kaskazi na MS: Jipoze Mapema, Usingoje Kuzidiwa

Kati ya Disemba na Machi, mtu mwenye multipo sklerosisi (MS) hapa Mombasa anaweza kuamka na nguvu zake, kufika saa saba mchana miguu haimbebi. Macho yanaingia ukungu, ulimi unakuwa mzito, kikombe kinamponyoka mkononi. Watu wa nyumbani hudhani maradhi yamerudi upya. Mara nyingi sivyo, ni joto.

Katika MS, kinga ya mwili hushambulia mayelini, utando unaofunika mishipa ya fahamu ya ubongo, ya uti wa mgongo na ya macho. Mshipa uliobambuka utando huo bado hupitisha ujumbe, ila kwa taabu. Joto likipanda, vijitundu vinavyoingiza sodiamu kwenye mshipa hujifunga mapema mno, na ujumbe hukatikia njiani. Joto la ndani ya mwili likiongezeka nyuzi 0.5 tu, inatosha. Wengine hata chini ya hapo. Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho wa Ujerumani, alilieleza jambo hili mwaka 1890 baada ya kuona wagonjwa wakififia macho kila wanapojichosha, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Hali hii haiongezi kidonda kwenye mishipa. Mwili ukipoa, nguvu hurudi. Cha kuogopa ni kuanguka, hasa bafuni na barabarani.

Taabu ya pwani ni unyevunyevu. Mwili hupoa jasho linapokauka. Likitiririka tu na kulowesha nguo, halikusaidii kitu. Tena MS yenyewe huweza kupunguza utokaji wa jasho. Ndiyo maana feni peke yake, katika chumba chenye paa la mabati, huzungusha hewa ya moto tu. Feni inataka ngozi yenye maji: jifute mikono, shingo na miguu kwa kitambaa kilicholowa, ndipo uketi mbele yake, na urudie kila ngozi inapokauka.

Sasa maji yenyewe. Wengi hukimbilia bomba saa nane mchana wakasahau kwamba tangi jeusi lililo juu ya paa limepigwa jua tangu asubuhi. Maji hayo ni ya moto, na yatakuzidishia. Teka ndoo mbili alfajiri, zifunike, uziweke ndani penye kivuli. Kabla ya shughuli yoyote ya kuchosha, keti na utie miguu kwenye beseni la maji hayo, yafike chini kidogo ya magoti, kwa dakika 20 hadi 30. Anza na maji ya kawaida, kisha ongeza barafu kidogo kidogo. Ukiingiza miguu kwenye maji ya barafu ghafla, misuli hukakamaa na mishipa ya damu ya ngozini hujibana, joto likabaki ndani. Wapo wenye MS ambao baridi huwakaza miguu kuliko joto. Hao waishie kwenye maji ya kawaida.

Hili la kujipoza kabla ndilo watu hulipuuza, nalo ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Ukianza safari mwili umeshapoa, una nafasi ya kupata joto kabla ya kufika pale miguu inapokataa. Ukingoja mpaka uzidiwe, unahitaji muda mrefu zaidi, na huenda uko kwenye foleni ya feri Likoni wala huna pa kuketi.

Ukitoka, toka kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Beba chupa mbili za nusu lita zilizoganda. Moja izungushie leso na uiweke shingoni au kwapani kwa dakika 15, kisha uiondoe. Usiigusishe ngozi moja kwa moja: MS hutia ganzi, na barafu inaweza kukuunguza usihisi. Nyingine inywe inavyoyeyuka. Ukiwa unatembea au unafanya mazoezi, kama mililita 200 kila dakika 15. Kwa wanaovaa buibui, chagua kitambaa chepesi, na chini ya mtandio uzungushe leso iliyolowa.

Jikoni, pika asubuhi, umeketi, na jiko la makaa likae nje. Bafuni, weka kigoda cha plastiki na usifunge mlango kwa komeo.

Tusiwafiche jambo moja: wapo wanaopunguza kunywa maji kwa kuogopa kukimbilia choo kila mara. Mkojo ukiwa mzito, maambukizi ya njia ya mkojo huja upesi, homa ikapanda, na homa ni joto lile lile, sasa linatoka ndani. Dawa za kibofu kama oksibutinini nazo hupunguza jasho. Usiziache mwenyewe, ila mweleze daktari kwamba joto linakusumbua. Mwenye kunuia kufunga Ramadhani azungumze na daktari wake mapema. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani yenyewe.

Nyumbani pawe na kipimajoto. Udhaifu ukija ghafla, pima. Ukiwa na homa, nenda ukapimwe malaria na mkojo kabla ya mtu yeyote kusema ni shambulio jipya la MS. Kama huna homa, lala penye ubaridi na ujipoze. Udhaifu wa joto kwa kawaida hupungua ndani ya dakika chache au saa kadhaa. Ukiwa umeshapoa na bado, baada ya saa 24, mguu haujarudi, au jicho linauma likigeuzwa na kuona kumefifia, hilo si joto tena. Mwone daktari wa mishipa ya fahamu siku hiyo hiyo.