Mlango ukifunguka tu, sufuria hizo hapo

SWALI: Shikamoo shangazi. Tuna miezi miwili tangu tuhamie apatimenti hapa Tabata, sebule na jiko vimeungana, hakuna korido hakuna nini, yaani ukifungua mlango mguu uko sebuleni na jicho liko kwenye sinki. Bodaboda akileta mzigo anajua mpaka jana tulikula nini. Viatu ndo usiseme, vimelala mlangoni kama dagaa walioanikwa, na nje siviachi maana ndala za mume wangu zishaondoka na miguu ya mtu mwingine. Mwenye nyumba hataki msumari hata mmoja, na bajeti yetu ni kama laki mbili. Fundi anasema tuweke ukuta wa jipsamu, nikubali? Mama Mapacha.

JIBU: Marahaba mwanangu. Fundi mshukuru, mwambie akapumzike. Mi ukuta huo nilishauweka, nyumba niliyokaa zamani, ukanikatia upepo wote wa dirishani, sebule ikawa tanuri na pale mlangoni giza mpaka nawasha taa saa saba mchana, mwisho nikaubomoa na hela haikurudi. Kwa joto la Dar chochote utakachoweka kipitishe upepo, halafu wewe mpangaji, kiwe kitu cha kuhama nacho.

Umeshafika Lamu? Zile nyumba za mawe za zamani mlangoni zina daka, ndo kibaraza cha kuingilia chenye pa kukaa huku na huku, mgeni asiye wa ndani anamalizana na mwenyeji palepale. Na ukishaingia huendi moja kwa moja, unakata kona kwanza, kwa hiyo hata mlango ukiwa wazi mpita njia anaambulia ukuta. Nyumba yako haina pa kusimama mtu akapiga hodi, ndo shida yenyewe hiyo, na kona kama ile unaipata kwa fenicha tu.

Leo jioni fanya hivi. Chukua kanga moja, mumeo aishike kiwima, hatua kama mbili kutoka mlangoni, upande wa jiko. Wewe toka nje, fungua mlango wote, tazama. Sinki bado inaonekana? Mwambie asogee kushoto, arudi nyuma kidogo, mpaka ipotee. Hapo weka alama chini kwa selotepu. Kanga ikiwa wima ina kimo kama mita moja na nusu, upana mita moja na ushee, basi hicho ndo kipimo cha kumpelekea seremala, hata Keko watakuelewa.

Akutengenezee kitu cha umbo la L, upande mmoja shelfu, chini rafu za vikapu na juu fito za wima zilizoachana vidole viwili, upepo unapita ila jicho linakwama. Upande wa pili benchi la kukalia ukivua viatu, kimo sentimita 45, viatu vinaingia chini yake. Hiyo L ndo inalisimamisha bila msumari, ila kwa sababu ya mapacha (najua watapanda tu) vitu vizito viweke rafu za chini. Pabaki njia ya sentimita 90 na mlango usigonge benchi, la sivyo siku ya kuingiza friji utanikumbuka. Mninga kwa hela hiyo sahau, chukua paini, msasa na vanishi piga mwenyewe.

Chini weka kifuta miguu cha makumbi ya nazi, kile kigumu, kipana sawa na mlango, maana vile vidogo laini mvua zikianza vinageuka tope. Kapeti la sebule lianzie ng'ambo ya shelfu, lisifike mlangoni.

Na sufuria mwanangu, zioshwe usiku.

SWALI: Shangazi mi niko Mombasa, nakaa chumba kimoja, shelfu haliingii. Nifanyeje?

JIBU: Pazia, mwanangu. Nunua ile fimbo ya springi inayojibana kati ya kuta mbili, haitaki drili, utundike kitambaa chepesi kati ya mlango na kitanda. Kiishie sentimita 20 juu ya sakafu, upepo upite chini, na wewe uone miguu ya aliyekuja kabla hujajibu karibu.