Ukiitwa kuwashauri watafiti wa vipandikizi vya meno, nenda na daftari

Dodoso la utafiti liliniuliza: "Kwa kipimo cha 1 hadi 10, umeridhika kiasi gani na kipandikizi chako?" Nikaandika 8, na sikudanganya. Nilikuwa natafuna, nacheka bila kuziba mdomo kwa kiganja, na pengo lililonisumbua miaka mingi lilikuwa limezibwa kwa jino la bandia lililoshikiliwa na skrubu iliyopandikizwa kwenye mfupa wa taya. Lakini usiku uleule nilisimama mbele ya kioo, taa ya simu mkono mmoja, brashi ndogo ya kupitisha kati ya meno mkono mwingine, nikihangaika kutoa kinyuzi cha nyama kilichonasa chini ya jino jipya, upande wa ndani. Ndivyo ilivyokuwa karibu kila usiku. Ile 8 haikusema neno juu ya hilo.

Miezi michache baadaye niliitwa tena, safari hii niwasaidie watafiti kupanga utafiti mpya. Tangu hapo nimekaa vikao kadhaa, na wagonjwa wenzangu wanaoitwa huniuliza waende na nini.

Kabla ya yote, jua umeitwa kama nani. Mshiriki wa utafiti husaini fomu ya ridhaa, huwekewa kipandikizi, hupimwa. Mgonjwa mshauri hukaa na watafiti meza moja kuamua kipi kiulizwe, kipi kipimwe, watu waitwe mara ngapi kliniki. Ukikuta dodoso limeshachapishwa na kamati ya maadili imeshapitisha kila kitu, uliza waziwazi: kuna kitu gani bado kinaweza kubadilika? Niliwahi kuitwa kwenye kikao cha namna hiyo. Tulipewa karatasi tuangalie kama herufi zinasomeka. Nilitoka na uchungu, maana mle ndani kulikuwa na mzee mwenye jambo zito la kusema kuhusu miezi aliyokaa bila meno ya mbele akingoja mfupa ushikane na skrubu, na hapakuwa na mahali pa kuliandika.

Vipimo huamuliwa mapema, na ndivyo vitakavyoamua daktari atamwambia nini mgonjwa ajaye. Watafiti wana vipimo vyao vizuri. Tangu mwaka 1986, kigezo kimojawapo cha kusema kipandikizi kimefaulu ni kwamba, baada ya mwaka wa kwanza, mfupa unaokizunguka upungue kwa kiasi kisichofika milimita 0.2 kwa mwaka. Sitaki kigezo hicho kiondoke, kwa sababu mfupa ukilika, kipandikizi hulegea. Ila mfupa unaweza kuwa salama huku mwenye mdomo anatafunia upande mmoja tu. Gösta Larsson wa Uswidi alipandikizwa na Per-Ingvar Brånemark, mtafiti aliyeanzisha vipandikizi vya titani, mwaka 1965, na vipandikizi vyake vya metali hiyo vilimtumikia hadi alipofariki mwaka 2006. Kila anayesimulia habari zake hutaja hiyo miaka 40 na zaidi. Mimi hutaka kujua alikuwa anakula nini, na anakulaje.

Na wagonjwa wakipewa nafasi, hubadilisha mambo. Mwaka 2002 watafiti wa baridi yabisi waliwakaribisha wagonjwa kwenye mkutano wao wa vipimo. Wagonjwa wakazungumzia uchovu, jambo ambalo halikuwa kwenye orodha ya msingi ya mambo ya kupimwa, na baadaye likapendekezwa lipimwe. Kwa upande wa vipandikizi, mwaka 2023 yalitoka makubaliano ya kimataifa ya mambo ya msingi ya kupima, na watu waliowahi kutibiwa walishiriki kuyachagua. Humo umo muda ambao kipandikizi hudumu, na yamo maisha ya mwenye kipandikizi. Waulize watafiti wako kama wanayafuata.

Sasa daftari. Wiki mbili kabla ya kikao, andika kila siku. Usiandike "nasumbuka kula." Andika: "Jumanne, mkate mkavu, nimeuma kwa nguvu kuliko nilivyodhani, jino la juu limeshtuka." Hilo ni langu mwenyewe. Nilipolisoma, daktari mmoja aliacha kalamu akatufafanulia kwamba jino la asili hushikiliwa na nyuzi laini zinazotuwezesha kuhisi tunauma chakula kwa nguvu kiasi gani, na kipandikizi hakina nyuzi hizo. Wagonjwa wanne wakaitikia kwa pamoja; kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Andika pia yaliyokufurahisha, maana utafiti unayahitaji nayo.

Neno likikupita, simamisha kikao. Mama mmoja alisema, "Samahani daktari, hilo neno hatulijui." Naye akajibu, "Samahani mama, namaanisha mfupa kushikana na skrubu." Tangu hapo maneno hayo ndiyo yaliyotumika, hata kwenye fomu. Nauli na muda wako viulize mapema, bila aibu.

Jambo ninalolisisitiza kila kikao ni hili: waiteni ambao kipandikizi chao kilitoka, na walioghairi kwa sababu ya gharama. Sisi tuliopona vizuri tunapatikana kwa urahisi, na ndiyo maana picha inayopatikana kwetu ni ya kupendeza mno.

Mwisho wa vikao, dai majibu ya maandishi: kipi kimechukuliwa, kipi kimekataliwa na kwa nini. Mimi niliomba mahudhurio ya kliniki yapunguzwe. Walikataa mawili kati ya matatu niliyotaka yaondolewe, kwa kuwa picha za eksirei lazima zipigwe kwa vipindi vilivyopangwa ili mfupa ulinganishwe. Nilielewa. Lakini kwenye dodoso jipya, chini ya lile swali la 1 hadi 10, kuna swali lingine: "Jana usiku ulitumia dakika ngapi kusafisha chini ya jino lako la kupandikizwa, na ulifika kila upande?"