Jasho na moyo kwenda mbio baada ya uji

Pole dada. Ulivyoeleza, kwamba wiki ya sita baada ya baipasi ya tumbo (upasuaji wa kupunguza tumbo na kuliunganisha na utumbo) unakunywa uji wa sukari na baada ya robo saa jasho linakutoka, moyo unakwenda mbio, kisha unaharisha, inafanana sana na ile hali ya chakula kitamu kuporomokea kwenye utumbo kwa haraka. Sukari ikifika huko inavuta maji mengi, ndiyo maana unaishiwa nguvu. Mimi ilinipata kwa soda, nusu glasi tu, nikalala sakafuni.

Acha sukari kwenye uji, na juisi pia. Anza na protini: yai, samaki laini, maharage yaliyopondwa. Maji usinywe pamoja na chakula, subiri kama nusu saa. Tafuna mpaka kiwe rojo, na ukihisi kifua kimebana, weka kijiko chini hata kama kimebaki kidogo. Ugali na chapati bado mapema. Hukwama kama donge. (Mama mkwe atanuna, mwache.)

Maumivu usiyatulize kwa diklofenaki au ibuprofeni, baada ya baipasi huweza kuleta vidonda vya tumbo. Muulize daktari wako kuhusu parasetamoli.

Lakini ukiwa na homa, maumivu makali ya tumbo, moyo kwenda mbio hata hujala, au unatapika siku nzima hata maji hayakai, usisubiri majibu yetu hapa. Nenda hospitali leo hii.