Siku tano ulizoniuliza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma wiki iliyopita usiku, nikaizima simu. Asubuhi nilipoiwasha ulikuwa bado upo. Uliuliza hivi: "Baba, mlishindwa kweli kuningoja siku tano? Na nani aliwaambia kwamba wakati wa Karani umefika?" Mama yako alitaka nikupigie. Nilikataa, kwa sababu kwenye simu najijua, ningejitetea. Kwenye karatasi mtu akianza kudanganya anajisikia mwenyewe.

Basi jibu nalitanguliza. Hatukuharakisha kumlaza mbwa wetu kwa sindano, mwanangu. Tulichelewa. Na hiyo "tulichelewa" nayo ni ya kujificha, maana mama yako alikuwa tayari wiki mbili na zaidi kabla yangu. Aliyechelewa ni mimi.

Mengi sikukuambia wakati ule, kwa hiyo nivumilie nirudi nyuma. Unakumbuka likizo ya mwaka juzi ulivyocheka kwamba Karani anakunywa maji kama aliyevuka jangwa? Bakuli tulikuwa tunalijaza mara nne kwa siku, na usiku akikwangua mlango atolewe akojoe, yeye ambaye tangu utoto wake alilala fofofo hadi kunakucha. Mimi nikasema ni joto. Kumbe figo zikichoka hushindwa kuukoleza mkojo, maji yanapita tu, na mbwa anakunywa kufidia yale yanayompotea. Daktari alitueleza kwamba kreatinini, kile kipimo cha damu, huwa haipandi mpaka figo zimeshapoteza karibu robo tatu ya uwezo wake. Yaani siku tulipokuwa tunacheka, uharibifu ulikuwa umeshafanyika, na sehemu ya figo ikishakufa hairudi. Usijilaumu kwa kile kicheko. Mimi niliyekuwa naye kila siku ndiye niliyesema ni joto.

Miezi 14 tukaishi hivyo. Chakula chenye fosforasi kidogo, ambacho alikitazama kana kwamba tumemtukana. Vidonge vya presha. Halafu ukaja wakati wa maji ya chini ya ngozi, kazi ambayo daktari alinifundisha niifanye nyumbani. Unabana ngozi katikati ya mabega, unaiinua kama hema dogo, unapenyeza sindano chini yake, unafungua mrija. Mara ya kwanza nilipitiliza, sindano ikatokea upande wa pili na kunichoma kidole, nikalowesha zulia zima, na mgonjwa akanilamba mkono. Baadaye nilizoea. Maji yanajikusanya pale yakawa nundu, nundu inateremka polepole hadi mguuni, naye anazunguka nyumbani kama mzee aliyevaa koti lililokaa upande. Tulikuwa tunamwambia, "Karani, leo umevaa rasmi."

Maji yale yanachukua dakika kumi na zaidi kuingia, na mkono wangu mmoja ulikuwa huru, basi nikawa nasoma kwenye simu. Ndiyo nikasoma habari ya mtoto wa mbwa aliyefukuliwa mwaka 1914 Oberkassel, karibu na Bonn, Ujerumani, kwenye kaburi la mwanamume na mwanamke. Kaburi hilo lina umri wa miaka 14,000 hivi. Meno yake yana alama za distempa, ugonjwa wa virusi unaoua mbwa, na wataalamu walioyachunguza wanasema aliugua wiki kadhaa, muda ambao asingeumaliza bila mtu wa kumtunza. Mtoto wa mbwa, mgonjwa, hawindi, halindi chochote. Mtu alikaa naye hivyohivyo. Nakuandikia hili kwa ajili ya wale uliosema wanakushangaa kazini kwako kwamba unamlilia mbwa. Mimi pia waliniambia, "si utapata mwingine." Nilinyamaza. Hoja ya kuwajibu nilikuwa nayo, nguvu sikuwa nayo.

Sasa swali lako la pili, nani alituambia.

Kuna daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos, aliyetunga mizani ya kumpimia mnyama aliye katika ugonjwa usiopona. Ina vipengele saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema bado zinazidi mbaya. Kila kipengele unakipa alama, 0 hadi 10. Jumla ikipita 35 kati ya 70, maisha bado yanahesabika kuwa ya kuvumilika. Daktari wetu alituambia tuijaze, kila mtu peke yake, bila kuchunguliana.

Mimi nilipata 41. Mama yako, siku hiyohiyo, mbwa huyohuyo, 24.

Niligomba. Nikasema yeye anamwona vibaya kwa sababu amechoka kufua matandiko. (Nilishamwomba radhi.) Akachukua karatasi yangu akaanza kuuliza kipengele kimoja kimoja. Kula, nilikuwa nimempa 8. "Nane ya wapi?" Nikasema anakula, mbona nikimpa nyama kwa mkono anaipokea. Mama yako hakubisha. Alikivuta kiti changu, kile ambacho huwa nakaa nikimlisha, na pale chini kulikuwa na vipande vitatu vya nyama vimekauka. Alikuwa anavipokea kwa adabu, akivishika mdomoni mpaka nigeuke, kisha anavitema.

Vidonda vya mdomo, mwanangu. Sumu ambayo figo zimeshindwa kuitoa inazunguka kwenye damu, inachubua ulimi na fizi, tumbo linachafuka muda wote. Ukimwona mbwa analambalamba midomo bila chakula mbele yake, hiyo ni kichefuchefu. Mimi nilikuwa naiita hamu. Kreatinini wakati huo ilisoma 5.8, na ikishapita 5 madaktari wanaihesabu hatua ya nne, ya mwisho. Namba hiyo nilikuwa nayo mfukoni, imekunjwa mara nne.

Ile 8 ningepaswa kuifuta siku ileile. Sikuifuta. Na hapa ndipo wewe unapoingia, na ndiyo sehemu ambayo imenifanya niandike badala ya kupiga. Kila mama yako alipolianzisha, nilisema, "Tumngoje mtoto, atatulaumu." Jina lako lilinifaa sana. Hakuna mama anayebishana na jina hilo. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa najingojea mwenyewe. Hata wewe ungepiga simu useme msiningoje, ningetafuta jina lingine la kujificha nyuma yake. Kwa hiyo ukisikia mtu yeyote kwenye ukoo, awe shangazi yako au mimi nikijisahau, anasema Karani aliteseka kwa ajili ya kukungoja wewe, jua si kweli. Aliteseka kwa ajili ya woga wangu.

Jumapili ile nilirudi kutoka sokoni jioni. Wewe ndiye uliyempa jina, ukiwa na miaka 11, kwa sababu hakuna mfuko ulioingia nyumbani bila yeye kuukagua, pua ndani hadi masikioni, halafu anakaa pembeni kana kwamba ameshauandika kwenye daftari. Hata alipokuwa hawezi kusimama vizuri alikuwa ananyoosha shingo. Siku ile hakunyoosha. Niliupeleka mfuko pale alipolala, nikauweka chini mbele ya pua yake, nikaufungua. Akageuzia uso ukutani.

Nikamwambia mama yako, "Mpigie daktari." Akajibu kwamba alishampigia asubuhi, alikuwa ananisubiri mimi niseme.

Daktari alikuja Jumatatu, nyumbani, palepale kwenye zulia. Kwanza alimpa sindano ya kumtuliza, kwenye paja. Dakika chache akalegea, kichwa kikawa kizito kwenye mapaja ya mama yako. Halafu ya pili, kwenye mshipa wa mguu wa mbele. Ile ya pili si kitu cha ajabu, ni dawa ya usingizi, ila kipimo chake ni kikubwa mno: anapoteza fahamu ndani ya sekunde, kisha pumzi, kisha moyo. Macho hayakufumba. Daktari alikuwa ametuonya kwamba hayafumbi, na kwamba huenda akashusha pumzi moja ya mwisho ambayo ni misuli tu, si yeye. Akaishusha. Pamoja na onyo lote lile niliruka.

Uliuliza pia kama alijua. Sidhani. Alichojua ni mapaja ya mama yako na mkono wangu sikioni, lile la kushoto lenye kovu, ambalo alipenda likunwe.

Kuhusu hizo siku tano, siwezi kukuapia angefika. Ninachojua ni jinsi ambavyo angefika, na sikutaka hiyo ndiyo picha ubaki nayo. Hilo nalikubali kuwa uamuzi wangu, si wa daktari wala wa mama yako, na ukitaka kunikasirikia kwa hilo una haki. Nikasirikie mimi. Mama yako mwache, miezi 14 ile hakulala usiku mmoja kamili.

Tumemzika nyuma ya nyumba. Bakuli lake bado lipo jikoni, na nimemkuta mama yako analijaza maji mara mbili. Sikusema kitu, nami nikapita.

Umesema utakuja mwisho wa mwezi. Nitakupokea begi mlangoni kama kawaida. Ukiniona naliweka chini kwanza, nasimama kidogo kabla ya kuliingiza ndani, usinishangae.

Baba yako