Pampu Ikiharibika, Nani Ataitengeneza?

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana aliyeacha kazi ya benki ili awe mshauri wa ubia kati ya makampuni na mashirika yanayotetea watoto. Aliandika kwa heshima, akaniita dada, kisha akaniuliza jambo moja: kampuni fulani imekubali kugharimia visima katika shule kadhaa, shirika la watoto limekubali kuvisimamia, na yeye ameombwa aandike makubaliano, je, aanzie wapi? Ningeweza kumjibu kwa mistari mitatu. Sikufanya hivyo, kwa sababu swali lake ndilo nililopaswa kuuliza mimi miaka kumi na moja iliyopita, nisiliulize, na walioteseka kwa ukimya wangu walikuwa watoto.

Ubia wangu wa kwanza uliunganisha kampuni ya vinywaji na shirika dogo la ustawi wa watoto. Kampuni ilikuwa na fedha na hamu ya kuonekana, shirika lilikuwa na imani ya wazazi na walimu, nami nilikuwa na ulimi. Kwa miezi sita nilikwenda huku na huku kati ya pande hizo mbili, nikiwaeleza wakurugenzi kwamba kuhara ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi walio chini ya umri wa miaka mitano duniani, na kwamba sehemu kubwa ya maradhi hayo huzuilika kwa maji salama, choo safi na mikono iliyonawiwa. Walikubali. Kisima kirefu kilichimbwa katika uwanja wa shule, pampu ya mkono ikafungwa, na ukuta wake ukapakwa rangi za kampuni. Siku ya uzinduzi msichana wa darasa la tatu alishika mpini, maji yakaruka, wapiga picha wakamzunguka, nami nikalia kwa furaha. Machozi yale siyaonei aibu hata leo, kwa kuwa nilikuwa nikiamini kwamba kazi imekwisha.

Nilirudi pale miezi minane baadaye kwa shughuli nyingine kabisa, nikakuta mpini wa pampu umefungwa kwa kamba. Mipira ya ndani, ile inayobana maji yasirudi chini wakati mpini unapopanda na kushuka, ilikuwa imechakaa. Hilo ni jambo la kawaida kwa pampu inayotumiwa na mamia ya watu kila siku, na kipuri chenyewe kingeweza kubebwa mfukoni. Mwalimu mkuu alikuwa amewaandikia shirika, wakamjibu kwamba bajeti ya mradi imefungwa. Aliwaandikia kampuni, wakamjibu kwamba kisima kilishakabidhiwa. Wote walisema kweli. Niliporudi nyumbani nilifungua mkataba niliouandika kwa mkono wangu mwenyewe: kurasa kumi na nane, nne kati yake zikizungumzia ukubwa wa nembo na mahali pa kuiweka, na hakuna sentensi hata moja iliyotaja nani atanunua kipuri. Kipindi cha ubia kilikuwa miezi kumi na miwili, kikihesabiwa tangu siku ya kutia sahihi, na miezi minne ya kwanza ilikuwa imeishia katika uchimbaji. Watoto walikuwa wamerudi mtoni.

Picha ya yule msichana ilitumika katika ripoti ya mwaka ya kampuni ile, na ikatumika tena mwaka uliofuata, wakati pampu aliyoishika ilikuwa imekauka. Nilipoandika barua kueleza kwamba jambo hilo si la haki kwake wala kwa wazazi wake, sikujibiwa, na jina langu likaondolewa katika orodha ya washauri wanaoalikwa. Nimekutana na baadhi ya watu wa kampuni hiyo katika mikutano mara kadhaa tangu wakati huo, na hunisalimu kwa upole mwingi. Moyo wangu haujapoa. Wala siombi upoe, kwa sababu donge hilo ndilo linalonikalisha macho ninaposoma mikataba.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuandika mapendekezo na kukataliwa, na sina haja ya kuisimulia.

Mdogo wangu, kabla hujaandika neno lolote kuhusu nembo, andika kifungu cha matengenezo. Andika nani atatunza fedha za vipuri na zitawekwa wapi, fundi gani atafunzwa na atalipwa na nani, pampu ikisimama itatengenezwa ndani ya siku ngapi, na wahusika wa kwanza wakishindwa, nani anawajibika baada yao. Usikubali muda wa mwaka mmoja. Chombo cha maji huanza kudai matengenezo pale ambapo mkataba wa namna hiyo unakwisha, kwa hiyo mkataba wa mwaka mmoja unalinda sherehe na kuacha maji yenyewe bila mlinzi. Ubia nilioushuhudia ukitiwa sahihi mwezi uliopita, ambao ninajivunia kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, una muda wa miaka kumi, una akaunti ya matengenezo inayohitaji sahihi tatu, na una kifungu kinachosema kwamba kampuni haitatumia picha ya chanzo chochote ambacho kimekaa siku thelathini bila kutoa maji. Mwanasheria wao alikipinga kifungu hicho kwa wiki tatu. Nilikataa kukiondoa, na mwishowe mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyesema kibaki.

Kamati ya maji nayo isiwe majina ya kujazia fomu. Waulizeni akina mama na wasichana, kwa kuwa wao ndio wanaobeba. Takwimu za pamoja za Shirika la Afya Duniani na UNICEF zilizotolewa mwaka 2023 zinaonyesha kwamba katika kaya 7 kati ya 10 zisizo na maji nyumbani, wanawake na wasichana ndio wenye jukumu la kuyachota. Takwimu hizo hizo zinasema kwamba mwaka 2022 watu bilioni 2.2 hawakuwa na huduma ya maji ya kunywa inayosimamiwa kwa usalama, yaani maji yasiyo na uchafu, yaliyopo nyumbani na yanayopatikana wakati yanapohitajika. Nilikuwa nikifungua kila mkutano kwa tarakimu hiyo ya bilioni, na nikagundua kwamba wakurugenzi huitikia kwa vichwa kisha wanaisahau. Siku hizi ninaanza na ndoo. Ndoo ya lita 20 ina maji yenye uzito wa kilo 20, uzito unaokaribia ule wa mtoto wa miaka sita au saba. Kisha ninawaeleza kipimo cha dakika 30: ili huduma ihesabike kuwa ya msingi katika takwimu hizo, chanzo kiwe kimekingwa dhidi ya uchafu, na kwenda, kupanga foleni na kurudi kusizidi dakika 30. Neno foleni ndilo linalosahaulika. Kisima kinaweza kuwa karibu na shule, lakini ikiwa pampu ni moja na watu ni elfu moja, mtoto atafika darasani wakati somo la kwanza limekwisha. Kwa hiyo katika mkataba usihesabu visima vilivyochimbwa, hesabu dakika za mtoto.

Maji yapimwe kabla ya uzinduzi, na yapimwe tena kila mwaka, na matokeo yabandikwe mahali ambapo wazazi watayasoma. Niliwahi kuambiwa na meneja wa mradi kwamba maji yanang'aa na hayahitaji maabara. Maji yenye floraidi nyingi, madini yanayotoka kwenye miamba, hung'aa vilevile. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, na floraidi ikizidi hapo kwa miaka mingi huharibu meno ya watoto wanaokua, na ikizidi sana huathiri mifupa. Nchini Bangladesh mamilioni ya visima vya bomba vilichimbwa kuanzia miaka ya 1970 ili kuwaepusha watoto na maji machafu ya madimbwi, kwa nia njema kabisa, na ilipofika miaka ya 1990 ikabainika kwamba sehemu kubwa ya visima hivyo ilikuwa na aseniki, ambayo ni sumu. Kila ninapomsikia mtu akisema kwamba upimaji utachelewesha uzinduzi, huikumbuka Bangladesh.

Sasa niseme jambo ambalo washauri wengi hawapendi kulisikia, kwa sababu linapunguza wateja. Kabla hujaikaribisha kampuni katika mradi wa maji ya watoto, uliza kampuni hiyo inayatumiaje maji yenyewe. Miaka michache iliyopita niliitwa na kiwanda kilichotaka kuwajengea majirani zake vituo vya kuchotea maji. Barua yao ilikuwa nzuri na fedha zilikuwa tayari. Nilipoomba takwimu za maji wanayovuta ardhini, nilipewa brosha. Nilipozungumza na majirani, waliniambia kwamba visima vyao vya asili vimekuwa vikishuka mwaka baada ya mwaka, na kwamba mfereji unaotoka kiwandani hupita kando ya mahali ambapo watoto huogelea. Hakuna aliyekuwa amepima kama kushuka kule kumesababishwa na kiwanda, na mimi sikudai kwamba ninajua. Nilidai kushuka huko kupimwe. Nikamwambia mkurugenzi kwamba Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, zilizoidhinishwa na Baraza la Haki za Binadamu mwaka 2011, zinasema waziwazi kwamba hisani haifidii kushindwa kuheshimu haki, na kwamba kampuni haiwezi kuwajengea watoto bomba upande mmoja huku ikiwakaushia kisima upande wa pili na kuiita hesabu hiyo sawa.

Alikasirika. Alisema nimealikwa kushauri kuhusu msaada, sikualikwa kukagua kiwanda. Nilikunja makabrasha yangu nikaondoka, na kwa miezi mitano nilikaa bila kazi ya maana, nikijiuliza kama msimamo huo ulikuwa ushujaa au kiburi. Kisha wakaniita tena. Walikuwa wameajiri mtaalamu wa maji ya ardhini, wakafunga mita katika visima vyao na kuanza kusafisha maji taka kabla ya kuyaachia. Vituo vya kuchotea maji vilijengwa baada ya hapo. Najua si kila kampuni hurudi. Ushauri wangu haubadiliki kwa sababu hiyo, kwa kuwa mshauri anayefumba macho mbele ya mfereji wa kiwanda ameshauza jina la mtoto kabla hata mkataba haujaandikwa.

Soma pia Kanuni za Haki za Watoto na Biashara, zilizotolewa mwaka 2012 na UNICEF, Save the Children na Global Compact ya Umoja wa Mataifa, mpango unaoyahimiza makampuni kufanya biashara kwa uwajibikaji. Ziko kumi tu. Zinatenganisha wajibu wa kuheshimu haki za watoto na hiari ya kuziendeleza, na tofauti hiyo ndiyo itakayokuokoa mezani. Weka karibu nayo ibara ya 24 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, inayotaja maji safi ya kunywa kama sehemu ya haki ya mtoto ya kuwa na afya, na azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la tarehe 28 Julai 2010 lililotambua maji na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Ninazitaja nyaraka hizi katika kila kikao, nikijua kwamba haki haishuki kutoka kwenye karatasi na kuingia kwenye ndoo. Zinabadilisha namna watu wanavyoketi. Shirika la watoto likija mezani kama mwombaji, litakubali chochote. Likija kama mlinzi wa haki, litauliza maswali, na kampuni makini huheshimu maswali.

Kuhusu malipo yako nitasema kwa ufupi. Usichukue ada kutoka pande zote mbili, na usikubali kulipwa asilimia ya fedha zitakazopatikana, kwa kuwa siku utakapohitajika kusema kwamba ubia huu usifungwe, asilimia hiyo itakuziba mdomo. Yule anayekulipa ajulikane kwa wote tangu kikao cha kwanza. Mimi nililipwa na kampuni ya vinywaji huku shirika likiniona kuwa mtu wao, na sikuwahi kuwasahihisha. Huenda ndiyo maana hakuna aliyeniuliza kuhusu vipuri: kampuni ilidhani shirika limeshauliza, na shirika lilidhani nimeshawauliza kampuni.

Pampu ya shule ile ilitengenezwa hatimaye. Niliinunua mipira mwenyewe, fundi akaifunga kwa asubuhi moja, na mwalimu mkuu akanipigia simu nisikie mlio wa mpini. Yule msichana alikuwa ameshahamia shule nyingine. Rasimu yako, mdogo wangu, nitumie kabla hujaipeleka kwa wanasheria wa kampuni, na unieleze katika ujumbe huohuo ni nani mwenye ufunguo wa sanduku la vipuri katika kila shule.