Naoga mara mbili kwa siku, kumbe kikwapa kiko kwenye shati

Januari ya mwaka juzi nilipanda basi Mbezi alfajiri, nikashuka Tanga mchana, nikaunga na gari dogo hadi Pangani kumjulia hali Bibi. Nilimkuta barazani na majirani wawili, anachambua mchele. Nikampa shikamoo, nikainama kumkumbatia. Akaitikia marahaba, kisha akanisukuma taratibu kwa kiganja na kuchungulia nyuma yangu, upande wa njia.

"Mume wangu, huyo beberu umemfunga wapi?"

Anayejua utani wa bibi na mjukuu hatashangaa. Majirani walicheka mpaka ungo ukatikisika, na mimi nikacheka nao. Nimeshinda njiani, kiti cha dirishani, upande wa jua. Nani asingenuka? Nikaenda kuoga, nikajisugua vizuri, nikavaa shati langu la kazini la bluu, safi kabisa, lililofuliwa juzi yake na kukunjwa ndani ya begi. Tukanywa chai. Bibi alipoinuka kuchukua birika akapita nyuma yangu, akasimama. Safari hii hakutania.

"Hilo shati livue."

Alikuwa na pasi ya mkaa tayari ina moto kwa ajili ya kanga zake. Akalilaza shati mezani, akanyunyiza maji kwapani, akapitisha pasi mara moja. "Inama unuse."

Ule mvuke sijausahau. Ulikuwa mkali, kama kitunguu kilichosahaulika ndani ya mfuko wa plastiki, na ulikuwa wangu mimi. Shati halikuwa na doa hata moja.

Naomba mjue nilivyokuwa kabla ya siku hiyo. Mimi ni mtu wa kuoga asubuhi na jioni, maji yakatike yasikatike. Kwenye daladala la Gongo la Mboto kwenda Kariakoo ndiye niliyekuwa nageuza uso mtu akiinua mkono kushika bomba, nikisema moyoni kwamba watu wengine hawajipendi. Kwangu mimi kikwapa kilikuwa jina jingine la uchafu. Mwaka mzima nyuma, pale dukani tunapouza vifaa vya simu, mwenzangu mmoja alikuwa anafukiza udi kila ikifika saa nne asubuhi. Nilidhani ni mambo yake ya kuvuta wateja. Niliporudi kutoka Pangani nikamuuliza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kaka, tuyaache."

Kwa hiyo jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba pua yako ni shahidi wa uongo katika kesi yako mwenyewe. Muulize anayefanya kazi soko la samaki Feri kama anasikia shombo. Harufu ikikaa puani bila kubadilika, ubongo unaacha kuitolea taarifa, na haichukui hata saa moja. Ndiyo maana kuinua mkono na kujinusa kwapa hakusaidii sana: unaweza kujinusa, usikie kawaida, ukatoka nyumbani na beberu wako.

Jipime kwa njia nyingine. Ninayoiamini kuliko zote ni ile ya Bibi: chukua nguo iliyofuliwa, ilowanishe kidogo kwapani, ipige pasi ya moto, unuse mvuke. Ya umeme inafaa vilevile. Njia ya pili, jioni ukivua shati lifunge kwenye mfuko, oga, toka nje ukapige soga robo saa, kisha rudi uufungue mfuko. Pua iliyopumzika inasema kweli zaidi. Ya tatu ni mto wako wa kulalia ukitoka safari ya siku kadhaa. Unuse kabla hujakaa chumbani muda mrefu.

Ukitaka kumuuliza mtu, usimuulize "nanuka?" Atakudanganya kwa huruma, hasa kama anakupenda. Mpe mashati mawili, umuulize lipi lirudi kwenye beseni. Hilo swali linajibika bila kumvunjia mtu heshima, na jibu lake utalielewa.

Tahadhari moja hapa. Baada ya Pangani nilipitia mwezi wa wazimu. Kila aliyefungua dirisha la daladala nilidhani ananifungulia mimi, kila aliyejipangusa pua nilimwona adui. Dar ni joto, watu watafungua madirisha. Kama umejipima, umewauliza wawili unaowaamini, na wote wanakwambia huna harufu, lakini bado unashindwa kukaa karibu na watu, hapo tatizo limehama kwapani limeingia kwenye hofu, na hofu nayo ina matibabu. Usione aibu kumwambia daktari.

Sasa, kwa nini mtu aoge na bado anuke? Mwili una tezi za jasho kati ya milioni mbili na nne. Nyingi zinatoa maji yenye chumvi ya kupoza mwili, na hayo hayana harufu ya kusumbua. Ziko nyingine kwapani, kwenye kinena na kuzunguka chuchu, zinazotoa jasho zito lenye mafuta na protini. Hizo hulala mpaka balehe, ndiyo maana mtoto wa miaka sita anacheza rede kutwa nzima na hanuki kikwapa, halafu akifika darasa la sita au la saba unaanza kushangaa. (Wazazi, mwambieni mapema, tena kwa upole, ukimwachia darasa zima limwambie, litamwambia.) Hata hilo jasho zito likitoka halina harufu kubwa. Wanaolitia harufu ni bakteria wanaoishi kwenye ngozi, wanaolila na kuacha mabaki yanayonuka. Kwapa ni kama nyumba waliyojengewa: joto, giza, unyevu na nywele za kushikilia.

Ukioga unawapunguza. Lakini wale walioshika kwenye nguo hujawagusa, na hapo ndipo kesi yangu ilipokuwa. Shati langu la kazini lilikuwa la poliesta. Uzi ule hauli maji kama pamba, ila unapenda mafuta, na mafuta ya jasho yanang'ang'ania humo. Maji ya baridi na sabuni ya unga vinaondoa vumbi na doa, mafuta yanabaki. Shati likikauka halisemi kitu. Ukilivaa, mwili ukapasha joto, likalowa kidogo, ndani ya nusu saa beberu kaamka. Mwaka 2014 watafiti wa Ubelgiji waliwafanyisha watu 26 mazoezi ya baiskeli, wengine wakiwa na tisheti za pamba na wengine za poliesta, kisha wakazinusisha. Za poliesta zilinuka vibaya zaidi, na kuna bakteria wa harufu waliostawi kwenye poliesta kuliko kwenye pamba. Sasa fikiria nguo zetu: sare za kazini, mashati ya bei poa ya mtaani, na jezi za mpira. Sitaji timu, tusigombane, lakini wapo watu wanavaa jezi toka Ijumaa mpaka Jumapili.

Nilichofanya na mashati yangu ni hiki. Nayageuza ndani nje kabla ya kufua, kwa sababu uchafu wenyewe uko ndani. Nachukua ndoo ndogo ya maji ya uvuguvugu, natia nusu kikombe cha siki nyeupe, naloweka nusu saa, nasuuza. Ndipo nafua, kwapa nikilisugua na sabuni ya mche kwa mkono, si kulipitisha tu kwenye povu pamoja na mengine. Kisha naanika juani, bado limegeuzwa. Siki usiichanganye kabisa na ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe yenye klorini, jiki tunayoijua; vikikutana vinatoa hewa ya sumu. Wakati wa masika, nguo ikikaukia ndani siku mbili inapata harufu yake nyingine ya ukungu, basi ni bora ufue chache zinazoweza kupata upepo kuliko kujaza kamba chumbani.

Kuna mashati hayakusalimika. Nilipiga pasi, nikanusa, nikaloweka tena, nikanusa. La bluu lenyewe ndilo dekio la jikoni hivi sasa. Nilinunua mawili ya pamba, ya mtumba, na bosi hakuwa na neno maadamu rangi ni ileile.

Kwenye mwili mambo ni machache kuliko tunavyodhani. Sabuni ipake kwapani iache dakika moja au mbili wakati unaosha kwingine, usiisuuze papo hapo. Dodoki nalo lina bakteria wake, lianike likauke, libadilishe. Nyoa au punguza nywele, lakini nyoa usiku ngozi ipumzike. Kauka kabisa kabla ya kuvaa. Hili la kukauka wengi tunalidharau kwa sababu ya haraka za asubuhi. Unavaa shati juu ya kwapa bichi, unakuwa umewapikia bakteria chai.

Halafu rolon na spreyi. Nyingine zinapunguza bakteria na kuweka manukato juu, jasho linatoka kama kawaida. Nyingine zinazuia jasho lenyewe, na hizo utazijua ukisoma viambato nyuma ya kopo ukakuta chumvi ya alumini. Hiyo ya alumini paka usiku, kwapa likiwa kavu. Usiku jasho ni dogo, dawa inapata nafasi ya kuziba vijitundu. Ukipaka asubuhi ukakimbilia daladala, jasho linaisukuma nje na kuihamishia kwenye shati. Mimi nilikuwa napaka asubuhi miaka yote. Bibi naye anatumia jiwe la shabu, lile ambalo vinyozi wanampitishia mtu kidevuni baada ya kunyoa. Analilowanisha na kulipitisha kwapani. Niliposoma baadaye nikakuta shabu nayo ni chumvi ya alumini. Jiwe moja analo tangu sijui lini, na bei yake haifiki hata nusu ya rolon yangu.

Ndimu niachieni niiseme kwa uchungu. Ushauri wa ndimu kwapani uko kila mahali, na kweli ukali wake unawasumbua bakteria. Nilipaka asubuhi, juu ya kwapa lililotoka kunyolewa. Mwako wake sitaueleza. Maji ya ndimu yakachirizika hadi kiwikoni, nami nikashinda juani nikishusha maboksi. Siku ya pili mkono ulitoa michirizi myekundu yenye malengelenge, ikageuka madoa meusi yaliyokaa wiki kadhaa. Maji ya ndimu kwenye ngozi yakipigwa na jua yanaunguza. Iacheni kwenye supu.

Pafyumu juu ya kikwapa haifuti kitu, inazaa harufu ya tatu. Udi ni mzuri, nami nafukiza nguo za Ijumaa kwenye chetezo kama tulivyolelewa, ila nguo iwe imeshapita mtihani wa pasi. Chakula pia kina sehemu yake: kitunguu saumu kingi kinatokea kwenye pumzi na hata kwenye jasho, na mama aliyejifungua akinywa uji wa uwatu jasho lake linanukia utamu fulani. Hayo yanapita yenyewe.

Kuna harufu na majasho ambayo si ya sabuni. Jasho la usiku linalolowesha shuka, ukiwa na kikohozi kisichoisha au unapungua mwili, nenda ukapime kifua kikuu. Pumzi inayonukia kama matunda yaliyoiva sana, pamoja na kiu na kukojoa mara kwa mara, pima sukari siku hiyohiyo. Majipu yanayorudi kwapani, kunuka kama samaki hata ukioga, au harufu ya mwili iliyobadilika ghafla, vyote ni vya daktari. Na kama umefanya yote ya kuoga na kufua na bado, uliza duka la dawa kuhusu sabuni ya chunusi yenye benzoili peroksaidi; inaua bakteria wa kwapani vizuri, lakini inachujua rangi ya taulo, tumia jeupe.

Mwaka huu dukani amekuja kijana mpya, mchapakazi, ana miaka kumi na tisa. Wiki ya pili nikaona yule mwenzangu ameanza tena kutafuta mkaa wa udi. Nilijiuliza nimwambieje. Mimi si bibi yake, sina ule utani. Kumnunulia rolon na kumpa mbele ya watu ni kumtangaza, na kumwambia "watu wanasema" ni kumwachia mzigo wa kutafuta ni nani hao. Nikasubiri jioni tunafunga milango, tukiwa wawili, nikamsimulia habari ya beberu wa Pangani yote, na baibui za majirani zilivyotikisika kwa kicheko. Alicheka sana. Kisha akanyamaza, akashika ukosi wa shati lake akautazama.

"Kaka," akaniuliza, "hiyo pasi ya umeme mnayo nyumbani?"